Njia Mbili za Kuchunguza Miji, na Mfano wa Ngara na Biharamulo

Wataalamu wa umbo la miji wana njia mbili mashuhuri. Ya kwanza ni ya M. R. G. Conzen, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya mji mdogo wa Alnwick. Yeye huanza na ramani: hutazama njia, kisha mipaka ya viwanja, mwisho majengo, maana nyumba hubomolewa, bali mpaka wa kiwanja hudumu karne nyingi. Ya pili ni ya Saverio Muratori wa Italia, aliyeandika juu ya Venezia mwaka 1959. Yeye huanza na nyumba: hutafuta sura aliyonayo fundi akilini kabla hajaweka jiwe, na jinsi ilivyobadilika kizazi kwa kizazi.

Njia hizi zikiletwa Ngara na Biharamulo hupata mtihani. Boma la Wadachi pale Biharamulo halina taabu, kwani kuta zake humngoja mchunguzi. Lakini msonge wa miti na nyasi haukai miaka mingi, wala kiwanja chake hakikuchorwa. Hapo Conzen hana la kushika. Muratori analo: msonge ukioza, mwingine hujengwa kwa sura ile ile. Kidumucho si jengo, ni ujuzi wa mjenzi.

Benaco, wilayani Ngara, ni kinyume chake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Vibanda vya miti na maturubai vikaenea vilimani, masoko yakaanza, na kwa wingi wa watu kambi ikaipita miji mingi ya Tanzania. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao. Kibanda kile hakikuwa sura ya nyumba waliyoipenda wajenzi, bali kilitokana na vitu walivyopewa. Kwa hiyo Muratori hapati mengi. Conzen ndiye afaaye hapo, maana njia na mpango wa makao huonyesha nani alikaa karibu na nani.

Basi hapana njia itoshayo peke yake. Tena zote mbili zahitaji msaada wa kumbukumbu za wenyeji na wa waliopita. Mwanahistoria akihesabu mawe tu, ataandika kana kwamba walioishi nchi hiyo walikuwa maofisa wachache wa boma, na umati ule wote hautakuwa na mahali katika historia ya miji.