Fedha za Akina Mama Mlimani Kwetu: Tangu Kibuyu cha Maziwa Hata Simu ya Mkononi

Katika kitabu hiki cha jubilei utasoma habari za mapadre waliopanda Kilimanjaro kwa miguu, na za wazee waliobeba mawe ya kujengea makanisa yetu. Habari hizo ni za kweli, nasi twazipenda. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuandika sura hii, tulipofungua madaftari ya zamani ya kigango chetu, tuliona neno lililotutia haya. Kila mahali palipoandikwa sadaka, zaka au mchango wa ujenzi, pameandikwa jina la bwana wa nyumba. Jina la mkewe halimo, ijapokuwa mara nyingi fedha ile ilitoka katika ndizi alizouza yeye. Basi, tumeona yafaa kueleza habari za fedha za akina mama, ili watoto wetu wajue nyumba hizi zilisimama kwa nguvu za nani.

Hapo kale kihamba kilikuwa cha mume, naye alikipokea kwa baba yake. Lakini ndani ya kihamba kile mama alikuwa na sehemu yake. Maziwa yalikuwa katika mamlaka yake, na maharage, na ndizi za kupeleka sokoni, na ulezi wa kupika mbege. Siku ya soko wanawake walishuka na kupanda na mizigo kichwani, wakibadilishana vyakula vya mlimani na vya tambarare. Wala tusidhani biashara ya wanawake ni neno jipya lililoletwa na watu wa semina. Masoko ya Mwika, Himo na Kiboriloni hata leo yamejaa akina mama, kama walivyokuwa bibi zao katika masoko ya zamani.

Misheni ya Kilema ilianzishwa mwaka 1890, na kabla karne ile haijaisha mapadre walikuwa wamekwisha kupanda miche ya kahawa. Wachaga wakaipokea kwa bidii. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza cha kahawa, na mwaka 1933 Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kikaanza kazi. Faida ya kahawa ilikuwa kubwa. Shule, barabara na nyumba za bati zilitokana nayo, wala hatuwezi kuidharau. Lakini tuangalie jinsi kazi ilivyogawanywa. Mama alichuma, alichota maji ya kuoshea, alianika, alichagua punje mbovu akazitupa. Mzigo ulipofika chamani, ulipimwa na kuandikwa katika kitabu kwa jina la mwanamume, naye ndiye aliyepokea malipo. Baba mwema alirudi nyumbani na ada za watoto na kanga ya mkewe. Baba mlevi alipita kwanza kilabuni. Mama hakuwa na la kusema, kwa maana kitabu hakikumjua.

Ikafika mwaka 1989. Mapatano ya mataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka vibaya sana duniani kote. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule siku zile. Twakumbuka baba walivyoitazama mikahawa bila neno, na mama walivyoamka alfajiri kukamua. Ada yetu ililipwa kwa maziwa, daftari zetu kwa mikungu ya ndizi. Kile kilichoitwa fedha ndogo ya jikoni ndicho kilichotupitisha shuleni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1988, akina mama wa Nronga huko Machame walikuwa wamekwisha kuanzisha ushirika wao wa maziwa. Walisema hivi: maziwa ni mali ya mama tangu kale, basi na chama kiwe cha mama. Wakakusanya maziwa pamoja, wakayauza pamoja, na malipo yakaandikwa kwa jina la kila mwanachama. Ng'ombe walikuwa wale wale na majani yale yale, lakini sasa jina lililokuwamo kitabuni lilikuwa la mwanamke.

Baadaye vikaja vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kwetu watu huviita vikoba. Mbegu moja ya vikundi hivi ilipandwa mbali, katika nchi ya Niger, mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliwafundisha wanawake wa vijijini kuweka akiba bila kungoja benki. Kazi yake ni nyepesi kueleweka. Wanachama hukutana kila juma, na kila mmoja hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wake. Fedha hutiwa katika sanduku lenye makufuli matatu, na funguo hushikwa na watu watatu, hata mmoja peke yake asiweze kulifungua. Mwenye shida hukopa, hurudisha na nyongeza kidogo, na mwisho wa mwaka wote hugawana kwa hisa zao. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa vikoba hivi tumeona mabanda ya kuku yakijengwa, cherehani zikinunuliwa, na mitamba wa maziwa wakiingia katika nyumba ambazo hazikuwa na hata mbuzi.

Kisha ikaja simu. Kutuma fedha kwa simu kulianza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na mwaka 2008 kukafika Tanzania. Zamani mama aliyeuza ndizi kwa mchuuzi wa Dar es Salaam alingoja malipo kwa utingo wa basi, naye utingo huenda akafika au asifike. Leo huuliza bei ya mjini kabla hajakata mkungu, na malipo humfikia akiwa bado shambani. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliandika mwaka 2016 kwamba huko Kenya njia hii iliwasaidia wanawake wapatao 185,000 kuingia katika biashara kuwa kazi yao kubwa. Na tangu mwaka 2019 hata vikoba vya Tanzania vimeweza kuweka akiba yao katika simu. Fedha haitoki mpaka wale waliochaguliwa na kikundi waidhinishe, kila mtu kwa simu yake. Ni makufuli yale yale, ila sasa mwizi hawezi kulibeba sanduku usiku.

Lakini tusisifu upesi mno. Mwaka 2019 na 2020 kila laini ya simu ilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mama mmoja mjane wa kigango chetu hakuwa na kitambulisho, basi laini yake ikasajiliwa kwa jina la mtoto wa shemeji yake. Akauza maziwa mwezi mzima. Malipo yalipoingia, kijana akayatoa yote. Yule mama akaja kwetu baada ya Misa, akasema, "Mwalimu, ng'ombe ni wangu na jasho ni langu, lakini simu inamjua yeye." Tukakaa kimya, kwa maana tulikumbuka kile kitabu cha kahawa. Miaka mingi imepita, na chombo kimebadilika, lakini kosa ni lile lile. Wazee wa jumuiya wakamwita kijana, akarudisha kidogo kidogo. Nasi tukamsindikiza mama kwenda kuandikishwa, na sasa laini ni yake.

Tena kuna hatari nyingine. Simu hiyo hiyo inayoleta malipo huleta pia mikopo ya haraka ambayo watu wenyewe wameiita "kausha damu". Mama hukopa usiku bila shahidi, na asipolipa, aibu yake hutangazwa kwa ndugu na jirani. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwa majina programu za mikopo zisizo na leseni, ili watu wajihadhari nazo. Katika kikoba mkopeshaji anamjua mkopaji, anajua mtoto wake ameugua, naye humngoja. Simu haimjui mtu. Kwa hiyo chombo hiki ni chema kikiwa chini ya mkutano wa akina mama, wala kisikae mahali pa mkutano.

Basi yatupasa nini katika mwaka huu wa jubilei? Kwanza, kila jumuiya itafute ni mama gani hana kitambulisho, na ni nani ambaye laini yake haiko kwa jina lake, wamsaidie. Pili, wajukuu waliosoma wawafundishe bibi zao kusoma ujumbe wa malipo na kuficha namba ya siri, hata kwa mjukuu mwenyewe. Tatu, baba wasione jambo hili kuwa ni kunyang'anywa. Mwanamke hodari wa Kitabu cha Mithali alinunua shamba kwa faida ya kazi yake, na mumewe hakupungukiwa na heshima langoni.

Na sisi makatekista tumeanza na nyumba yetu wenyewe. Katika kigango chetu tumefungua daftari jipya la zaka. Ukurasa wa kila nyumba una mistari miwili, wa mume na wa mke, na kila mmoja huandikwa alichotoa kwa jina lake la ubatizo. Jumapili ya kwanza tulipolisoma, bibi mmoja mwenye miaka mingi alisikia jina lake likitajwa, akaomba tulisome tena. Tukalisoma tena. Twaviomba vigango vingine vifanye vivyo hivyo, na Mungu azibariki kazi za mikono yao.