Mchicha wa Bondeni

Mama alikuwa na sheria moja ya kumwagilia: maji yakija mekundu, keni chini. Tunakaa ukingoni tukiyatazama yakipita, leo mekundu, juzi ya samawati, na kina mama wa matuta ya jirani wanataniana kwamba huko juu wanatia rangi khanga za Idi. Adhuhuri mto ukirudia rangi yake ya chai ya maziwa, tunachota, tunaendelea. Ilikuwa miaka ya 1970, bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, upande wa chini wa Buguruni, nami nasoma darasa la nne.

Bibi yangu alilima mpunga palepale. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unashuka katikati ya jiji na kuingia baharini kwenye Daraja la Salenda, na zamani hizo Buguruni ilikuwa minazi na nyumba za kuhesabu. Jiji lilipotusogelea mpunga ukaachwa, kwa sababu mpunga unataka miezi na mji unataka kula leo. Mchicha ukiusia Jumatatu, wiki ya nne unang'oa. Mwaka 1983 ilipokuja Nguvukazi, ile sheria ya kuwatoa watu mjini wakalime, Mama alicheka sana. Yeye alikuwa analima mjini tayari. Mishahara ilivyozidi kudorora, hata makarani walishuka bondeni na suruali zimekunjwa kuomba tuta.

Kuvuna kulikuwa kazi ya alfajiri. Tunang'oa na mizizi yake, tunafunga fungu kwa ugwe wa mgomba, halafu tunauogesha mchicha mtoni. Unashika mafungu mawili kila mkono, unayazamisha, unayatikisa mpaka udongo utoke na mizizi iwe myeupe kama meno. Jani likitoka hapo linang'aa. Sokoni Buguruni tunayapanga juu ya gunia, tunayanyunyizia maji ya kopo kila jua likizidi, na jioni wafanyakazi wanaoshuka kwenye basi la UDA wananunua kwa thumuni. Waliusifu mchicha wa Mama kwa usafi, na usafi huo ulitoka mtoni.

Siku moja alikuja bwana afya, kijana mpole, kaptula imepigwa pasi.

“Shikamoo mama. Mboga hizi mnazimwagilia maji machafu.”

“Marahaba, baba. Ya bomba yako wapi?”

Hakuwa na jibu. Wiki iliyofuata walikuja vijana na mapanga, wakafyeka matuta kumi na moja, matatu yakiwa yetu. Aliyetia rangi mto hatukusikia amefyekwa kitu. Mama alifungua chupa yake ya mbegu, na kabla ya Ijumaa alikuwa amesia upya.

Nimeyafikiria mapanga yale kwa miaka mingi. Mzozo wa usalama wa chakula, kwetu, ulianza kwa kumkamata aliye chini ya mto. Jirani zetu wa Tabata walithubutu kupeleka mambo juu zaidi. Mwaka 1988 waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo lililowajaza moshi, harufu na inzi. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji likarudi kuomba muda, likaomba tena, na mwishowe taka zikahamia Vingunguti, bonde lilelile, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Lakini angalau kesi ilisikika, kwa sababu moshi unaonekana na harufu inanusika. Mama naye alipambana na kile alichokiona: wekundu.

Risasi haina rangi. Nasema ile ya madini, si ya bunduki, ingawa Kiswahili kimeziita kwa jina moja na sidhani kimekosea. Mwaka 1999 wakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha katika jarida la Food Chemistry vipimo vya mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi: mchicha, chainizi, majani ya kunde, majani ya maboga, saladi. Walitafuta kadimiamu, shaba, risasi na zinki. Wakaandika kwamba viwango ni vya juu, na kwamba walaji wako hatarini kadiri muda unavyokwenda. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo. Hapo ndipo nilipojua kuwa zile saa tulizokaa ukingoni tukisubiri mto utakate hazikutosha. Mzizi unanyonya kisichoonekana na kukipandisha hadi kwenye jani zima, na maji ya chumvi ya mama wa nyumbani yanatoa tope na mayai ya minyoo tu.

Haikuwa mto peke yake. Biashara huria ilipofunguliwa, kaka yangu aliyerithi matuta alianza kupiga dawa ya wadudu. Aliinunua imegawiwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala jina, na kipimo chake kilikuwa kifuniko cha soda: viwili kwa bomba moja. Jioni anapiga, alfajiri anang'oa. Nilipomgombeza alinijibu kwamba mteja halinunui jani lenye tundu. Ni kweli, hata mimi silinunui.

Dunia ilikuwa imebishana juu ya dawa hizo kwa miaka mingi. Rachel Carson alitoa kitabu chake juu ya viuatilifu kama DDT mwaka 1962, Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1972, Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu za aina hiyo ukatiwa saini mwaka 2001. Lakini si mbali sana na hapa, Vikuge, Kibaha, kulikuwa na karibu tani 170 za viuatilifu vilivyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vimeshapitwa na wakati. Viliwekwa kwenye banda wazi mpaka banda likaanguka, na sumu ikabaki ardhini. Msaada wa namna hiyo Mama angeuita kutupiwa taka.

Sheria tunazo. Mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilianzishwa mwaka 2003. Mwaka 2019 chakula kikahamishiwa shirika la viwango, TBS, na mwaka 2020 ikatungwa sheria iliyozaa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Chupa ya maji ya dukani ina nembo ya ubora. Fungu la mchicha halina, na katika miaka yote niliyouza na kununua Buguruni sijaona mtu akilichukua kwenda kulipima.

Kwa hiyo naomba mawili. Wenye maabara wapime mboga sokoni, kisha wapande na mto mpaka wamfikie anayemwaga, wasiishie kwenye tuta. Nawe unayeshuka jioni kwenye daladala, kabla hujalipa muulize muuzaji mchicha umetoka wapi na umemwagiliwa maji gani. Hatachukia. Mama aliuza miaka ishirini na sita, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.