Mwisho wa Reli: Biti Ilitakiwa Iishe Kabla Umeme Haujakatika

Wadau, ukitajiwa muziki wa Kigoma unawaza nini? Wengi watasema Leka Dutigite, ile ngoma ya 2012 iliyowakutanisha mastaa wenye asili ya huko chini ya jina la Kigoma All Stars. Sawa kabisa. Ila wengi wao walikuwa wametokea kwa sababu studio zilikuwa Dar. Wapo waliobaki Mwanga, Gungu na Ujiji, na majina yao huyakuti kwenye kava lolote.

Zamani muziki mpya Kigoma ulikuja kwa maji. Ng'ambo ya Tanganyika ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na kaseti za rhumba zilivuka na watu wa biashara pamoja na mizigo yao. Mwaka 1996 vita ya Kongo ikaleta wakimbizi, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu, na walioingia waliingia na nyimbo zao.

Halafu zikaja memori kadi. Kibanda kimoja, kompyuta moja, unalipa, jamaa anakuingizia nyimbo kwenye simu. Tusidanganyane, huyu jamaa ndiye alikuwa redio ya mtaa. Asipokuwa nayo ngoma, mtaa mzima hauijui.

Na kwenye kompyuta za namna hiyo ndipo wengine walipokutana na FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Inatengenezwa Ubelgiji, nchi ileile iliyoitawala Kongo hadi 1960. Dunia ndogo hii!

Sasa sikia utamu. Toleo la majaribio la FL ni bure, na unaweza kutengeneza biti nzima na kuitoa kama wimbo. Unaweza hata kuhifadhi kazi yako. Ila ukishaifunga, haifunguki tena mpaka ulipie programu. Kwa kijana asiye na hela hiyo, biti inaanza na kuisha palepale kwenye kiti.

Ongeza umeme. Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya taifa, mji unaendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika dakika ya arobaini, ngoma, besi, kinanda, vyote kwisha habari.

Ndiyo maana vifupisho vya kibodi havikuwa mbwembwe. F6 ngoma zako, F7 kinanda, F5 kupanga wimbo, F9 mikseri. Ctrl na B inarudia kipande ulichochagua, hupotezi muda kukipiga upya. Na ile ya kuokoa roho: Ctrl na R, wimbo unatoka, haudaiwi tena na programu. Kitabu hakuna, maelezo yote Kiingereza, kwa hiyo dogo anasimama nyuma ya kiti cha kaka mkubwa, macho kwenye vidole, haulizi. Akiuliza sana anatumwa soda.

Gridi ya taifa ilifika mkoa wa Kigoma 2022. Utegemezi wa lori la dizeli ukaanza kupungua.

Na wewe mwenye kompyuta ya zamani uvunguni pale Ujiji, usiitupe. Yale mafaili uliyohifadhi kwenye toleo la bure hayajafa. Ukilipia programu, yanafunguka.