Kiambaza na Saruji

Msomaji ataniwia radhi nikianza habari hizi kwa jambo la ndani ya nyumba yangu. Mwaka 1987 nilibomoa nyumba ya marehemu baba yangu hapa Tumbe. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, imeezekwa makuti, na mimi wakati huo nilikuwa tayari mwalimu mkuu. Niliona haya kumkaribisha mkaguzi wa skuli katika ukumbi ambao nguzo zake zilikuwa na alama za moshi. Mahali pake nikajenga nyumba ya matofali ya saruji, paa la bati, madirisha madogo ya vioo. Mama yangu alikuwa hai, akaniuliza, "Mwanangu, upepo utapita wapi?" Nikamjibu kwamba nyumba za kisasa hazina haja ya upepo wa chini ya paa. Miaka miwili baadaye mke wangu akaanza kuumwa na kichwa, na kichwa hicho kikakaa naye miaka kumi na minne.

Kwa nini nilibomoa? Si haya peke yake. Kizazi changu kililelewa katika imani ya saruji. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Karume ilitaka kila Mzanzibari alale ndani ya nyumba bora, na majumba marefu ya Michenzani kule Unguja ndiyo yaliyokuwa mfano wa matumaini yale. Kwetu Pemba nayo yakasimama majumba ya maendeleo, Wete, Chake Chake, Mkoani, hata Micheweni. Nilipokuwa nasomea ualimu Chuo cha Nkrumah, Beit-el-Ras, mapema miaka ya 1970, tulikuwa tukiyatazama majumba ya mjini kama mtu anavyotazama mustakbali wake. Udongo ulikuwa ni jana. Kisha ikaja miaka ya shida, saruji ikawa haionekani hata kwa dawa, na biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, kila mwenye akiba ndogo alikimbilia bati na saruji kabla milango haijafungwa tena. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mifuko ile niliilinda usiku kuliko nilivyolinda vitabu vya skuli.

Mchanga tuliuchukua pwani. Ulikuwa bure, mweupe, tena karibu. Fundi alisema utafaa, na mimi sikubisha.

Pemba ni kisiwa cha maji. Waarabu walikiita Jazira ya Kijani, nao hawakukosea. Masika huanza Machi hadi Mei, mchoo hufuata, vuli huja Oktoba hadi Disemba, na kati yake hewa haikauki kabisa. Unyevu huu ndio uliotupa mpunga wa mabondeni na ndio ulioistawisha mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuing'oa ile ya Unguja na kuiacha ya kwetu. Mwenye karafuu anajua upande wa pili wa neema hiyo: zikikosa jua siku chache tu zinavunda, zinakuwa mpeta, na bei yake inaanguka. Ajabu ni kwamba tulijua vizuri namna ya kuanika karafuu kwenye majamvi, tukasahau namna ya kuanika nyumba.

Masika ya kwanza ndani ya nyumba mpya, ukuta wa chumbani ulianza kutoka jasho. Ya pili, rangi ikavimba kama malengelenge, na chini yake mkatoka unga mweupe wa chumvi. Ya tatu, nyuma ya kabati mkaota kuvu jeusi, kanga za mke wangu zikawa zinanuka uvundo hata zikifukizwa udi. Usiku bati lilipopoa, matone yalitudondokea kitandani bila ya mvua kunyesha nje. Niliziba kila penye mwanya, nikidhani maji yanaingia kutoka juu. Kumbe nilikuwa nayafungia ndani.

Na kichwa? Kilianza upande mmoja, tukakiita kipandauso. Kilikuja asubuhi, kikatulia akishatoka kwenda shamba au kisimani, kikarudi usiku. Tulikwenda kwa mwenye dawa za Kiarabu, naye akasema ni baridi iliyopanda kichwani pamoja na balghamu. Tabibu wa mila hii, ambayo asili yake ni Wayunani ikapitia kwa kina Ibn Sina, hupima maradhi kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Zamani nilikuwa nikiyacheka mambo haya mbele ya wanafunzi. Tulikwenda pia hospitali, akapimwa macho, akapewa miwani, akapewa vidonge. Daktari mmoja alisema ni mawazo. Nami, Mungu anisamehe, neno lile nililipenda, kwa sababu halikunidai kitu. Kwa miaka kadhaa kila alipolalamika nilimwambia, "Usijitie mawazo." Aliacha kulalamika. Nilidhani amepona.

Jambo lililonifungua macho lilitoka ardhini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher kutoka Marekani, walikuwa wakichimba hapa kwetu. Sote tulilijua gofu la Chwaka, kwa Haruni, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa wa ukoo wa Mkama Ndume wa Pujini. Tulikuwa tukiwapeleka watoto wa skuli kuona msikiti na kaburi la mnara. Lakini wachimbaji wale walikuta kwamba karibu yake palikuwa na kijiji kikubwa zaidi kwa umri, Tumbe ya kati ya miaka ya 600 na 950, watu waliolima uwele, wakavua, wakatengeneza ushanga wa kombe kwa kuusugua kwenye vigae. Chwaka ilikuja baadaye, kutoka karne ya 11 hadi kiasi cha mwaka 1500, na hapo mpunga ukashika nafasi. Sasa nisikilize, msomaji: katika miji yote miwili nyumba za kukaa zilikuwa kwa wingi za miti na udongo. Hata pale Chwaka, watu waliojua kuchonga mawe ya matumbawe na kuchoma chokaa walijengea msikiti na makaburi, wao wenyewe wengi wakalala ndani ya viambaza.

Miaka yote nilifundisha kwamba ustaarabu wa pwani ni ustaarabu wa mawe. Nilikuwa nikionesha picha za Kilwa na Gedi. Nikasimama pale kando ya shimo, nikatazama vipande vya udongo wa kiambaza. Udongo ukiungua huwa mgumu kama chungu, na alama ya fito hubaki ndani yake. Nikakumbuka ukuta nilioubomoa kwa mikono yangu. Ulikuwa na alama zilezile.

Nilirudi nyumbani nikamwomba mzee mmoja aliyekuwa akijenga viambaza anieleze, kama mwanafunzi, kila kitu kinafanya kazi gani. Alishangaa mwalimu kuuliza. Akaniambia kwamba nyumba huinuliwa kwanza kwa kifusi kilichoshindiliwa, ili maji ya masika yapite pembeni. Upenu hutokezwa mbele, mvua isipige ukuta, na chini yake ndipo penye baraza. Kiambaza hakifiki kwenye paa. Huachwa nafasi, na makuti yenyewe hupumua. Udongo hunywa unyevu usiku na kuutoa mchana. "Nyumba inavuta pumzi," alisema, "wewe yako umeiziba pua." Na nyumba za mawe za Mji Mkongwe hazikuwa kinyume cha haya. Kuta zake nene zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, zikapakwa niru, na chokaa nayo hupitisha unyevu ukatoka. Ndiyo maana wahifadhi wa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wanahimiza kuta za kale zipakwe chokaa. Ukizibandika saruji maji hubaki katikati, na jiwe huoza kwa ndani.

Usiku ule nilikumbuka jambo nikacheka peke yangu, kicheko kichungu. Chuoni Beit-el-Ras tulifundishwa kuonesha jinsi maji yanavyopanda juu kwa kusimamisha chaki ndani ya kisahani cha wino. Wino hupanda wenyewe, watoto hushangilia. Somo hilo nililifundisha karibu miaka thelathini. Nyumba yangu ilikuwa ni chaki, na ardhi ya Tumbe ni wino. Matofali yalisimama juu ya msingi mfupi bila ya kizuizi chochote, yakivuta maji kama utambi wa koroboi. Na mchanga ule wa pwani, chumvi yake ilikuwa inanyonya unyevu wa hewani hata siku zisizo na mvua.

Hata hivyo sitaki kuandika kana kwamba wazee walikuwa na kila jibu. Ile nafasi ya chini ya paa iliingiza upepo, na iliingiza mbu vilevile. Nilipokuwa mtoto, katika kampeni ya kutokomeza malaria iliyoendeshwa Zanzibar pamoja na Shirika la Afya Duniani tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi 1968, walikuja watu wenye mabomba mgongoni wakapiga dawa kuta zetu zote, na sisi watoto tukawafuata nyumba hadi nyumba. Waliofunga nyumba zao baadaye walikuwa na sababu, nami pia nilikuwa nayo. Jina lenyewe la malaria ni la Kitaliani, maana yake hewa mbaya. Ulaya waliamini karne nyingi kwamba homa ile inatoka kwenye mvuke wa mabwawa, hadi Ronald Ross, mwaka 1897 kule India, alipowakuta vijidudu vyake ndani ya mbu. Unyevu ukafutiwa shitaka moja. Haukufutiwa yote.

Kazi ya nyumba niliifanya mwaka 2003, pole pole, kwa mafao. Tulichimba mfereji kuzunguka msingi, tukaongeza upenu wa makuti pande mbili. Saruji ya ndani tuliibandua hadi kimo cha kifua, tukauacha ukuta wazi kiangazi kizima, kisha tukapaka chokaa iliyolowekwa miezi mingi. Tukatoboa matundu juu ya ukuta, pande zinazotazamana, kusi na kaskazi zipite, tukayawekea wavu wa mbu. Kabati lilisogezwa likaachana na ukuta kwa shibiri moja. Majirani walisema mwalimu mkuu kastaafu na akili zake.

Na hapo, katika kutoa vitu chumbani, ndipo nilipoiona seredani. Ilikuwa chini ya kitanda upande wake. Nikamuuliza, "Mama, hii ya nini humu?" Akaniambia kwamba masika yote, tangu nguo zilipoanza kuvunda, alikuwa akiingiza makaa usiku akaushie kanga na nguo za watoto, nami nikiwa nimelala au niko skuli nikisahihisha madaftari. Madirisha yamefungwa, matundu nimeyaziba mwenyewe. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni, na alama yake ya kwanza ni kuumwa na kichwa. Zikizidi, mtu haamki. Nilikaa kitako sakafuni. Watoto wetu wawili walikuwa wakilala chumba kile.

Kwa hiyo sijui nikupe jibu gani ukiniuliza ni kipi kilichomponya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na yaliyothibiti zaidi humo ni pumu, kikohozi na maradhi ya njia ya hewa. Kichwa hakikutajwa kwa uzito huo. Pua iliyoziba kwa kuvu huweza kukiumiza kichwa, na makaa huweza zaidi. Lakini makaa yaliingizwa na unyevu, na unyevu niliuingiza mimi. Seredani ilitoka nje siku ile ile, ukuta ukakauka mwaka uliofuata, na kipandauso ambacho kilikuwa cha kila wiki kikawa cha mara tatu au nne kwa mwaka, kama cha watu wengine.

Nilimwomba radhi kwa neno lile la mawazo. Alinijibu, "Mwalimu, wewe ulikuwa unasoma vitabu," kisha akaniambia nimpishe afagie.

Sasa tuna umeme. Pemba iliungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, na panga boi linasaidia siku za fukuto. Nyumba ya baba siwezi kuirudisha, na vijana wa Tumbe wanaojenga leo hawataki kusikia habari za kiambaza, wala siwalaumu. Wakija kuniuliza nawaonesha upenu, mfereji na matundu, na nawaambia mchanga wasiuchukue pwani. Wengine husikiliza. Kona ya kaskazini ya chumba chetu bado ina chumvi yake. Kila mwaka, masika yakisha, naikwangua kwa kisu na kuipaka chokaa upya, na mke wangu hukaa barazani akinielekeza nilipopasahau.