Chura wa Chini ya Ulimi

Handeni na Korogwe, sawasawa na huku kwetu pwani, mtu akikohoa siku nyingi au akisema ana kitu kooni, wazee husema ni kimeo, na fundi wa kukata kimeo huitwa. Desturi hiyo ni kongwe, wala hatumcheki mtu kwayo. Lakini si kila kinachovimba kinywani ni kimeo.

Kinywani mna tezi ndogo za mate zipatazo 600 hadi 1,000, zimetawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Moja ikiota uvimbe, mara nyingi huwa ya kaakaani, nyuma, upande mmoja, jirani na kimeo. Uvimbe usio wa saratani hukua polepole wala hauumi, ndiyo maana mtu hukaa nao miaka. Ukikatwa nusu hurudi. Na ukiachwa muda mrefu, huenda ukageuka saratani.

Miaka elfu nyuma aliishi Andalusi tabibu Mwislamu, Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013. Kitabu chake At-Tasrif kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ameandika juu ya uvimbe wa chini ya ulimi ambao Waarabu waliuita chura (na Wazungu nao, kwa Kilatini, wakauita kichura!). Huo hutokana na mate yaliyozibwa, sio ule wa kaakaani, lakini tazama alivyoelekeza. Mgonjwa aketishwe juani, afungue kinywa, uvimbe utazamwe rangi na ugumu wake. Ukiwa mweupe wenye maji, upasuliwe. Ukiwa mweusi, mgumu, usio na hisia, tabibu asiuguse, kwani ni saratani. Bingwa wa kisu mwenyewe ndiye asemaye hivyo! Leo hata saratani hupasuliwa, ila sharti ijulikane kwanza. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini huko Toledo, na Ulaya ikakisoma mamia ya miaka.

Kwetu elimu hiyo ilichelewa. Madaktari wa meno walianza kusomeshwa Muhimbili mwaka 1979. Basi ukimwona mtu wa nyumbani kwako ana kinundu kaakaani kisichouma, usimwite fundi. Mpeleke hospitali ya wilaya, na ikibidi aandikiwe rufaa. Na kinyama kitakachotolewa kisitupwe. Kiende maabara kikatazamwe kwa darubini, chombo ambacho Az-Zahrawi hakukipata.