Usiniuzie Moog: Historia ya Sintesaiza kwa Mtu wa Elfu Themanini

Tangu niseme kwenye video kwamba nimetenga elfu themanini kununua sintesaiza ya maana, inbox yangu imekuwa kama soko la Chwele. Kila mtu ana kitu anauza na kila mtu anapiga kelele. Kuna wa "ongeza pesa uchukue Moog", kuna wa "chukua tu kinanda cha kanisa, ni kitu moja", na kuna yule wa kila siku: "ungemaliza chuo kwanza." Huyo wa mwisho nitamjibu siku nyingine. Hao wawili wa kwanza nawajibu leo, na nitawajibu kwa historia, kwa sababu bei ya hizi mashine haieleweki bila historia yake.

Kwanza tuelewane. Kinanda cha kawaida kinakuchezea sauti ambazo kiwanda kilishaamua: piano, tarumbeta, ngoma za rumba. Sintesaiza ni mashine ya kuunda sauti kutoka mwanzo. Unaanza na wimbi, unalikata, unalipinda, mpaka litoke kitu ambacho hakikuwepo. Ndiyo maana si kitu moja.

Sasa Moog. Robert Moog, Mmarekani, alitoa Minimoog mwaka 1970. Kabla yake sintesaiza ilikuwa kabati la nyaya linalojaza chumba. Yeye aliifanya kitu unaweza kubeba kwenda kwa shoo. Iliuzwa karibu dola 1,500, na ilikuwa inatoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mbili, moja inakufa. Lakini ile sauti, wadau, ni nene kama uji wa wimbi. Sina ubaya nayo. Mwaka 2022 kampuni iliitoa tena kwa dola 4,999. Dola ikiwa shilingi 129 hivi, hiyo ni zaidi ya laki sita na arobaini. Hapa Kabuchai hiyo ni ng'ombe wa maziwa kadhaa na pesa ya nyasi inabaki. Kwa hivyo mtu akiniambia "ongeza kidogo", naomba aniambie kidogo ni ngapi.

Lakini hata ningepewa bure, kuna swali kubwa kuliko bei. Nataka kupiga nini?

Mimi nataka mashine itakayokaa karibu na litungu na isiliharibu. Kwa wageni wa ukurasa huu: litungu ni ala yetu Wabukusu, nyuzi saba juu ya ngozi iliyowambwa, na mpigaji hulitega kwa sikio, kulingana na koo lake na wimbo wake. Halafu kuna chinyimba, vile vyuma ambavyo kijana hugonganisha mikononi akienda kualika jamaa kabla ya kutahiriwa. Mwaka wowote unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikifika, hiyo ndiyo sauti ya vijiji hivi. Ukiisikia kutoka ng'ambo ya mto unajua kuna mtu anaelekea kwa khocha wake.

Mwaka jana nilipeleka mzee mmoja, tunayemwita Kuka, studio fulani mjini nimrekodi. Fundi wa pale alikuwa kijana wa rika langu, mtu mpole kabisa. Akafungua kinanda, akagusa noti, akamwambia: "Kuka, litungu yako iko nje, irekebishe ifuate hii." Mzee akatazama kinanda, akatazama litungu, akaanza kukaza nyuzi. Heshima tu. Alipopiga tena, wimbo ulikuwa sawa kwa kinanda na haukuwa wimbo wake tena. Uliimba kama wa kwaya. Mimi nilikuwa nimeshika kamera, na rekodi zote mbili ninazo. Nikiweka hiyo ya pili kwa chaneli, watoto wa huku wataisikia mara mia na kuamini litungu inalia hivyo. Basi ndio msingi wa bajeti yangu: mashine imfuate mzee, si mzee afuate mashine.

Tukiwa na hilo kichwani, turudi kwa historia, na tuingie Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Mtunzi wa muziki anaitwa John Chowning anacheza na kompyuta. Anachukua wimbi moja na kulifanya litikise jingine, haraka zaidi na zaidi. Likitikisika polepole, sauti inayumba kama ya mwimbaji. Likitikisika kwa kasi sana, kuyumba kunapotea na inatokea sauti mpya kabisa. Ni wazo lile lile la FM ya redio, ila hapa unalisikia kwa masikio. Kampuni za Marekani za vinanda zilionyeshwa hilo jambo na hazikuliona. Yamaha ya Japani ililiona, ikachukua leseni. Katikati ya hayo yote Stanford ilimnyima Chowning kazi ya kudumu, akaondoka, kisha wakamrudisha. Leseni hiyo ikaja kuwaingizia zaidi ya dola milioni 20. (Nyinyi wa "ungemaliza chuo", hii nimewawekea tu hapa.)

Yamaha ilianza kwa kuuza ubunifu huo kwa matajiri. Mashine ya GS1 ya mwaka 1980 ilikuwa karibu dola 16,000. Halafu 1983 wakatoa DX7 kwa dola 1,995. Mshindani wake wakati huo, Prophet-5, alikuwa karibu dola 4,000 na sauti tano kwa pamoja. DX7 ilikuwa na 16. Haikuwa rahisi kwa mtu wa kawaida. Dola 1,995 za wakati huo ni zaidi ya dola 6,000 za leo, karibu laki nane za huku. Hiyo ilikuwa mashine ya daraja la juu kabisa, na ilijaa kwa nyimbo za miaka ya themanini mpaka watu wakaichoka. Mapiano yale ya kung'aa kama glasi kwenye nyimbo za mapenzi za zamani, mengi ni hayo.

Na hapo ndipo mtu wa elfu themanini anaingilia. Watu wakishachoka mashine, bei inaanguka, lakini mashine yenyewe haijapungua chochote. Roland ilitoa TB-303 mapema miaka ya themanini iwe mpiga besi bandia. Haikuuzika, ikaachwa 1984, zikatupwa kwa maduka ya mitumba. Vijana weusi wa Chicago, kundi la Phuture, wakaiokota moja na mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks", na muziki mzima ukazaliwa hapo. Leo 303 ya asili imerudi kuwa ghali kwa sababu wale vijana waliionyesha dunia ilikuwa na nini ndani. Sisi watu wa mitumba tunajua hiyo hesabu. Shati halijui kwamba Mzungu amelichoka.

Huku kwetu Afrika Mashariki ni hivyo hivyo. Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa, alibaki Marekani baada ya ziara, na mwaka 1985 akarekodi kaseti peke yake: kodiani ya utotoni mwake, piano ya umeme ya Rhodes, Moog, na hiyo DX7 ikiwa bado mpya. Alichukua mashine iliyokuwa kwa kila redio ya Marekani na kuipigia nyimbo za kwao. Baadaye akawa dereva wa teksi Washington, kinanda kikikaa kwa buti ili afanye mazoezi akingoja abiria uwanja wa ndege. Kaseti ilitolewa tena 2013 na dunia ikamkumbuka.

Karibu zaidi na sisi, Gulu, Uganda, kukodi kundi zima la ngoma kwa harusi kulikuwa kumewashinda watu. Leo PaLayeng na Otim Alpha wakachukua nyimbo za larakaraka za Waacholi na kuzijenga upya kwa kompyuta, mbio sana. Pwani nako, taarab ya fidla nyingi na qanuni iligeuka rusha roho ya kinanda na gitaa. East African Melody walijengwa juu ya hiyo. Wazee wa taarab walilalamika, na sehemu moja ya malalamiko yao ilikuwa ya haki kabisa: maqamu za Kiarabu zina robo toni, na kinanda cha kawaida hakina mahali pa kuziweka. Ni kisa cha Kuka na yule kijana wa studio, ila kwa Kiarabu.

Sasa unganisha. Chuma kikigongwa, sauti zake za juu hazipangiki vizuri kama za uzi. Ndiyo maana kengele inalia vile, noti yake huwezi kuitaja mara moja. Moog na ndugu zake huanza na wimbi lililopangika, halafu hulichuja. Kupata chuma humo inawezekana lakini unapigana na mashine. FM inakwenda huko yenyewe. Ukiweka mawimbi mawili kwa uwiano usio kamili, inatoka kengele. Nimejaribu kwa kompyuta, nikapata chinyimba ambayo dadangu alitoka jikoni kuangalia nani amekuja. Kwa hivyo kwa kazi yangu, ile mashine ghali ya analogi ni zana isiyofaa, na iliyochokwa ndiyo yenyewe. Ningekuwa napiga besi za klabu Nairobi ningeandika kinyume.

Ila DX7 ya 1983 ina shida ileile ya studio: imefungwa kwa noti 12 za kizungu. Dawa ilikuja mwaka 1987 kwa DX7II. Hiyo ina sehemu ya kutega kila kibonyezo peke yake, oktava moja imekatwa vipande 1,024. Ndani mna mitego iliyopangwa tayari, robo toni ikiwemo, na nafasi ya kuweka wako. Namaanisha naweza kukaa na Kuka, apige uzi wa kwanza, nitege kibonyezo kimoja, apige wa pili, nitege cha pili, mpaka saba. Wajapani walifanya hivyo miaka mingi kabla sijazaliwa, na sijawahi kukuta fundi wa huku akiitumia.

Kuna mpya nilizoziangalia kwa haki. Korg Monologue ya 2017 ni bei nafuu na ina kutega noti, Aphex Twin alihusika kuitengeneza, lakini inatoa sauti moja kwa wakati mmoja, na nyuzi za litungu hupandana, moja ikilia juu ya nyingine. Minilogue XD ina sauti nne na inategeka, ila ni analogi zaidi. Yamaha Reface DX ni FM na inatumia betri sita ndogo, kitu kizuri sana stima ikipotea katikati ya sherehe, lakini vibonyezo vyake ni vya vidole vya mtoto na ina mawimbi manne badala ya sita. Nimerudi kwa DX7II.

Ukiifuata na wewe, angalia haya. Iliyotoka Japani inakula volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwa ukuta wetu wa 240 bila transfoma, umenunua jiko la moshi. Ya Ulaya inaingia moja kwa moja. Ndani kuna betri inayoshika kumbukumbu. Ikifa sauti zote zinafutika, na fundi yeyote mzuri wa redio anaweza kuibadilisha. Zipo za aina mbili, D na FD. FD ina diski za zamani ambazo husumbua, chukua D. Bei ninazoziona Ulaya ni kati ya dola 400 na 600, lakini ni kitu cha karibu mita moja, na usafiri unaweza kula bei yote, halafu forodha, halafu VAT ya 16%. Elfu themanini yangu inatosha tu kama itakuja na mtu, si kama itakuja na meli. Nina binamu Ujerumani anayerudi Disemba, na tumeshaanza kubishana kuhusu mzigo wake.

Na kama huna hata elfu tano, usikae kungoja. Kuna programu ya bure inaitwa Dexed, ni DX7 nzima ndani ya laptop, na inakubali mitego ya noti zako. Chinyimba yangu niliitengenezea humo. Chuma chenyewe nakitaka kwa sababu laptop yangu hulala usingizi katikati ya kazi, na kwa sababu Kuka hataki kuketi karibu na kompyuta. Kinanda anakubali. Amesema nikileta, litungu yake haikazwi hata uzi mmoja, na kama mashine itashindwa kumfikia basi niirudishe Ujerumani.