Kichocho cha Ini na Askari Watulizaji

Sisi tuliokulia Ng'ambo tukienda kuoga mitoni huko shamba, tuliona wavulana wenzetu wakikojoa damu na hatukushtuka. Wakubwa walitwambia ni kubalehe. Kumbe ni kichocho cha kibofu, maradhi ya Unguja na Pemba. Minyoo yake Daktari Theodor Bilharz aliiona mjini Cairo mwaka 1851. Kuanzia 2012, kwa miaka kadhaa, watu wetu walipewa vidonge vya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka.

Lakini kichocho hiki kina ndugu yake, makao yake Ziwa Viktoria. Jirani yangu mmoja wa Malindi alikwenda Mwanza kufanya biashara ya dagaa. Alirudi baada ya miaka, tumbo limejaa maji, anatapika damu. Watu wakasema karogwa. Akapitishwa kwa waganga watatu kwanza, hospitali ikawa ya mwisho.

Minyoo hii hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama. Yai hutoa sumu, na askari wa mwili hulizingira. Wasipofika, sumu hula ini. Wakizidi ukali, huacha makovu yanayoziba njia ya damu. Damu hurudi nyuma, mishipa ya koo ikafura mpaka ikapasuka. Ndiyo damu aliyokuwa akitapika jirani yangu.

Je, nani huwatuliza askari hao? Miaka ya 1970 wataalamu walisema wamo askari watulizaji. Hoja ikaanguka, hata kuitaja ikawa aibu. Mjapani Shimon Sakaguchi hakuiacha. Mwaka 1995 akawaonyesha katika panya. Mwaka 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata jini inayohusika nao, na mwaka 2025 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Panya wenye kichocho wakiondolewa watulizaji hao, ini huumia zaidi.

Basi nusu ya ugomvi ule ulikuwa wa mwili wenyewe. Prazikwanteli ingeua minyoo mapema. Kovu likishakomaa, kuliondoa ni kazi nyingine.

Jirani yangu tulimzika. Mama yake alishikilia kuwa mshirika wake wa dagaa ndiye aliyemroga, na nyumba zile mbili, uchochoro mmoja, hazisalimiani mpaka leo.